Vidonge Thelathini vya Adhi

Gharama ya jambo hili ni vidonge thelathini, siku kumi na moja za mtoto kulala kwenye mashine, na sauti ya mtoto huyo. Nimehesabu mara mbili kama ilivyo kawaida yangu. Hakuna kilichopungua.

Wambui, siku ile mliyonikatia keki ya kustaafu uliniambia, "Mzee, usiondoke hivi hivi na hayo yote kichwani. Tuandikie." Nilicheka. Keki yenyewe iliandikwa "Safari Njema," nami nilikuwa naenda nyumbani Coon Rapids, hapa hapa Minnesota, dakika kumi na mbili kwa gari kama hakuna theluji. Watu wa kliniki ya wasafiri hawajui kumuaga mtu bila kumtuma mahali. Lakini nimekaa wiki sita sasa, nimetengeneza kila bawaba ya mlango mke wangu aliyowahi kulalamikia, na hilo uliloomba halijaniacha. Kwa hiyo ninaandika. Usitarajie vyeo. Vyeo nilivyopata vinaenea kwenye mfuko wa shati.

Nilianza kazi hapo kliniki mwezi wa Januari, baridi ya kufunga pua. Kabla ya hapo nilikuwa nimeuguza wazee miaka saba huko Blaine, na kabla ya uuguzi wenyewe niliuza viatu vya mitumba soko la Gikomba, Nairobi. Ninalitaja hilo kwa sababu ndiko nilikosomea kazi hii. Mtu anayekuja kuchanjwa kabla ya safari ana sura ile ile ya mtu anayeshika kiatu na kukigeuza soli: anataka, ila hataki ujue anataka, na ana hakika unamwibia.

Aliyenipokea alikuwa Bi Rehema. Wewe hukumkuta. Alikuwa Mtanzania wa Tanga, alikuja kusoma akabaki, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Siku yangu ya kwanza nilimwambia mama mmoja, "Sasa mathe, wewe sindano zako ni tatu." Bi Rehema akanivuta kando.

"Yule ni mama wa watu. Mwite mama."

"Si mathe ni mama tu?"

"Basi kamwite mathe mama yako mzazi, uone. Hapa, mwite mama."

Alinionyesha vyombo kimoja kimoja kama mtu anayekabidhi nyumba. Friji ya chanjo, ambayo lazima usome joto lake asubuhi na alasiri, uandike, utie sahihi, hata kama ni lile lile la jana. Mizani ya watoto. Ramani ya ukutani yenye rangi za hatari. Kadi za njano za chanjo, ambazo bila muhuri ni karatasi tu. Na kile chombo nilichokipenda kuliko vyote: sahani ya buluu ya kuhesabia vidonge na kijisu chake cha plastiki. Dirisha la dawa lilikuwa letu wenyewe. Daktari alikuwa ghorofa ya juu na sahihi yake. Sisi chini tulipima, tukauliza, tukachoma, tukahesabu.

"Tano tano," Bi Rehema alinifundisha. "Ukimaliza, rudisha vyote, uhesabu upya."

"Na nikipata namba ile ile?"

"Utakuwa umepata. Ukipata nyingine, utakuwa umeokoka."

Kisha akanipa maswali matatu, na hayakuwa kwenye fomu. Atalala wapi? Atakula kwa nani? Nani anamngoja? Mawili ya kwanza niliyaelewa mara moja: kuna mtu wa hoteli na mtu wa mkeka, kuna mtu wa maji ya chupa na mtu wa maji ya mtungi. La tatu lilinishinda.

"Hilo si swali la polisi, Bi Rehema?"

"Wanaomngoja ndio watakaopanga siku zake kule. Wewe utakuwa huku Minnesota na sahani yako ya buluu."

Niliyauliza yote matatu kwa miaka mingi, na raha yangu ilikuwa katika kubishana. Kulikuwa na fundi wa mabomba wa Brooklyn Park, mtu wa Busia, aliyekataa dawa ya malaria kabisa. "Daktari," aliniambia (sisi Wakenya, ukivaa gauni la bluu wewe ni daktari, hata ukiwa unapiga deki), "mimi na malaria tumekua pamoja. Itanifanya nini?"

"Uko hapa miaka mingapi?"

"Kumi na minane."

"Gari lako ukiliacha nje Januari yote bila kuliwasha, Februari litawaka?"

Akatazama dirishani lilipokuwa limeegeshwa. "Ni Toyota," akasema. Lakini dawa alichukua.

Mwingine aligombana na ramani. Alisimama mbele yake akiwa amekunja mikono. "Mmepaka Kenya rangi ya tahadhari. Mimi juzi nimeng'olewa ekzosi ya gari hapa hapa, mbele ya mlango wangu. Mbona hapa hamjapaka?" Nilimwambia nitawafikishia wenye rangi. Bado nawatafuta.

Na wote, wote kabisa, walikuwa na chanzo chao cha habari kilichozidi chetu: dada yuko kule. Ukimwambia mtu kuna kipindupindu wilaya fulani, anapiga simu hapo hapo, anaweka spika. "Hakuna shida, njoo tu!" dada anasema. Katika miaka yangu yote sijasikia mtu wa nyumbani akimwambia mgeni asije. Mgeni ana mabegi mawili, na kila mtu ameshatuma saizi ya kiatu.

Bi Rehema alistaafu, akarudi Tanga kujenga. Miaka michache baadaye muda wa kila mteja ukapunguzwa hadi dakika ishirini. Ilinibidi nibanane na saa, na mimi kwa kubanana ni mwepisi. Friji huwezi kuiruka. Mizani huwezi. Sindano ndiyo kazi yenyewe. Lile swali la tatu lilikuwa linakula dakika nane peke yake, kwa sababu ukimwuliza Mkenya nani anakungoja, anaanza na babu. Nikaliacha. Hakuna aliyeniagiza niliache, na hakuna aliyegundua. Nilijisifu kwamba nilikuwa nikimaliza kila mteja kwa dakika kumi na tisa.

Katika dakika hizo kumi na tisa ndipo alipoingia Akinyi.

Akinyi alikuwa mtunza wazee huko Blaine, kazi yangu ya zamani, kwa hiyo tulianza kwa kulinganisha migongo inayouma. Mumewe huendesha lori la masafa marefu. Alikuwa anampeleka binti yake, Adhiambo, kwao Migori kwa mara ya kwanza, Krismasi, wiki tatu kamili kwa mama mkwe. Adhi alikuwa na miaka mitano na kilo kumi na nane. Kiswahili alikielewa chote na kujibu kwa Kiingereza chote, na hakuwa na mahali pa kuweka nukta. Aliniuliza sindano inatengenezewa wapi, kama ndizi ya Kenya inajua kwamba ni ndizi, na kwa nini nywele zangu zimehamia masikioni. Nilipomwambia sindano ni tatu alisema moja. Tukabishana, tukafika mbili na stika nne, nami nikamchoma ya tatu wakati anachagua stika. Alinitazama kama mtu aliyetapeliwa na tapeli mwenzake.

Kisha nikahesabu dawa ya malaria. Tano tano, mara mbili. Kidonge kimoja kwa siku.

"Thelathini," nilimwambia Akinyi. "Viwili kabla ya ndege, ishirini na kimoja mkiwa kule, saba mkirudi. Hata akiwa mzima mkirudi, saba hivyo ni lazima."

"Daktari, weka arobaini."

"Mimi si daktari."

"Ndiyo maana nakuomba wewe. Daktari atakataa."

"Na mimi nakataa."

"Thelathini na tano basi, tusigombane."

"Akinyi, hivi si viazi."

"Mama wa viazi huniongezea bila kelele. Na yeye hata hanijui jina."

"Nenda akuchanje yeye."

Akacheka mpaka akashika meza. Adhi naye akacheka bila kujua ni nini. "Haya, mbili tu za juu," Akinyi akasema, "za kuanguka. Mtoto anaweza kuangusha." Nikamwambia asiangushe. Akafunga chupa kwenye mkoba, akaniambia mimi ni mgumu kama mkate wa juzi, wakaenda.

Nataka mlielewe hili, wewe na wenzako: nilirudi kwenye friji kuandika joto la alasiri nikitabasamu. Nilikuwa nimeshinda. Nilikuwa sijasikia ladha ile ya Gikomba miaka mingi, mtu anaomba kumi, tano, mbili, na wewe unabaki pale pale. Haikunijia hata mara moja kumwuliza za nini. Sokoni humwulizi mtu kwa nini anataka nyongeza. Nyongeza ni nyongeza.

Walirudi Januari. Siku ya tisa baada ya kurudi, Akinyi alinipigia simu kliniki mchana. Adhi ana homa, amekataa uji, analala sana. Sasa, kuna jambo nililowafundisha nyinyi nyote, hata wewe Wambui nilikusumbua nalo hadi ukanikariri kwa sauti yangu: mtu akitoka nchi ya malaria akapata homa, ni malaria mpaka damu ikatae. Usimsikilize, usimwamini, mpeleke akapimwe damu leo.

Nilimwuliza Akinyi, "Vidonge alimeza vyote?"

"Alimeza vyote."

"Na vile saba vya kurudia?"

"Pia."

Nilikuwa nimevihesabu kwa mkono wangu, mara mbili. Nje kulikuwa na mafua, nusu ya wauguzi wetu walikuwa nyumbani wakipiga chafya. Nikamwambia ni mafua hayo, mpe maji, na kama kesho homa haijashuka umpeleke hospitali.

Kesho. Hilo ndilo neno nililomwuzia.

Asubuhi Adhi alianza kutetemeka mwili mzima na macho yakageuka. Kufika hospitali hakumjua mama yake. Malaria ilikuwa imepanda kichwani. Kwa siku kumi na moja mashine ilimpumulia, nami nilikwenda kila siku nikitoka kazini, nikasimama pale wanaposimama watu wasio na kazi ya kufanya.

Siku ya tatu Akinyi alinikuta kwenye korido. Hakuwa analia. Alikuwa ameshika kofia ya Adhi ya sufu anaigeuza geuza.

"Nilikudanganya," akasema. "Alimeza sita."

Akanieleza. Siku ya nne kule Migori asubuhi, alimkalisha Adhi mezani na kidonge chake na kikombe cha maziwa. Mezani walikuwepo watoto watatu wa shemeji yake. Mmoja wao, wa miaka minne, alikuwa amelala kwenye kochi amefunikwa blanketi na jua limewaka, meno yanagongana. Mama mkwe, ambaye wao humwita Dani, akachukua chupa akaitazama.

"Hizi ni za nini?"

"Za kuzuia malaria, Dani."

"Na huyu wako anayo?"

"Hana."

"Hana, na anameza. Mwenye nayo anatazama."

"Hakupandisha sauti," Akinyi aliniambia. "Angepiga kelele ningejibu. Alisema hivyo tu, akarudisha chupa mezani, akaenda kuchemsha chai. Watu wote wakatazama chini. Ungekuwa wewe, Daktari?"

Akaendelea kuigeuza ile kofia.

"Zilibaki ishirini na nne. Nikawagawia wale watatu, nane nane. Nikajiambia Adhi ni wa huko pia, damu ni ya huko, atakuwa sawa."

Sasa hapa ndipo ninapokwama hata leo. Dawa ile kwa kidonge kimoja kwa siku inamkinga mtoto mzima; mgonjwa haimponyi. Yule mtoto wa kwenye kochi alizidiwa siku mbili baadaye, akapelekwa zahanati kwa pikipiki, akapewa dawa ya kutibu, ndiyo iliyomwinua. Wale wawili walikingwa kwa wiki moja katika maisha yao yote ya kuumwa na mbu. Kwa hiyo hesabu ni hii: vidonge ishirini na vinne vilitolewa kwa upendo, au kwa aibu, sijui kama kuna mizani ya kuvitenganisha, na hakuna mtu aliyepona navyo.

"Nilikuomba kumi," Akinyi akasema.

"Uliomba nyongeza. Hukuniambia za nini."

"Nilijua watakuwepo watoto. Kila mtu anajua. Ningekuambia, ungenipa?"

"Nisingekupa."

"Basi."

Na hakuwa amekosea. Sheria ni ile, dawa ni ya mwenye jina kwenye chupa. Lakini angeniambia, au ningemwuliza, ningejua chupa ile inakwenda kukaa juu ya meza gani. Ningempa maneno ya kumwambia Dani. Ningemweleza kwamba kidonge hiki hakimsaidii mgonjwa. Na mchana ule aliponipigia simu, nisingeiamini namba yangu mwenyewe.

Adhi alitoka hospitali akitembea, mguu mmoja ukichelewa kidogo. Madaktari walisema sauti huenda ikarudi. Hawakusema lini, na wamekuwa waangalifu kutosema tena. Anaelewa kila kitu. Mwaka uliofuata aliletwa kliniki kwa chanjo ya mafua. Nilimwekea sahani ya buluu mbele yake na peremende ndogo ndogo, nikampa kijisu. Alizisukuma tano tano, vizuri kabisa, hadi mwisho. Akazirudisha zote, akasukuma tena. Kisha akainua macho akanitazama. Nikangoja namba. Mama yake naye alikuwa anangoja nyuma yangu. Namba haikuja. Akala peremende moja.

Tangu Adhi alipougua nilikuwa nimerudisha swali la tatu. Ndiyo ile miaka yangu minne ya mwisho mliyokuwa mnanung'unika kwamba Mzee anachelewesha foleni. Mlikuwa na haki. Na sitawadanganya kwamba lilisaidia. Niliwauliza watu nani anakungoja, wakanitazama usoni, wakaona kwamba ninataka jibu fulani, wakanipa. "Tunafikia hotelini." Mtu ambaye mama yake hajamwona miaka tisa, anafikia hotelini! Nadhani Bi Rehema alikuwa akiuliza kama jirani. Mimi nilikuwa nauliza kama mtu anayetafuta chake kilichopotea, na watu hunusa.

Ningeishia hapo, ila Jumamosi Akinyi alinipigia. Hatujawahi kuacha kuongea. Sijui kama ni urafiki au ni watu wawili waliogongana kwenye gari moja. Dani ni mgonjwa, wa kutoamka. Anamtaka Adhi. Ameambiwa siku nyingi kilichotokea, na hajala vizuri tangu aambiwe, na hataki kufumba macho bila kumshika mtoto yule kichwani. Akinyi anaondoka na Adhi, ambaye sasa ana miaka tisa, pamoja na mdogo wake wa miaka mitatu, mvulana, kilo kumi na nne. Wiki tatu.

Nilimwuliza, "Nani anakungoja?"

"Dani. Na watoto wanne sasa. Mmoja ana homa tangu Alhamisi. Safari hii nimekuambia za nini, Daktari. Nifanye nini?"

Nilimwambia nitampigia.

Wambui, nimekaa nayo siku tatu. Nikimwambia achukue idadi kamili, yatakuwa yale yale ya mara ya kwanza, na meza ni ile ile. Za kuongeza daktari hatatia sahihi, na hata akitia, wale wanne wana majirani. Nikimwambia atume kwanza chandarua na amlipie yule mtoto zahanati, atafanya, ameshafanya, na bado asubuhi ya nne chupa itatoka mkobani mbele ya mtoto mwingine anayetetemeka. Nikimwambia awamezeshe watoto wake chooni kwa kujificha, hawezi, nami sijui kama ningependa mtu anayeweza. Asiende? Kuna mwanamke kule anayekataa kufa kwa sababu ya aibu ya chupa yangu.

Miadi yake ni Jumanne ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, dirisha ni lako. Sahani iko droo ya pili, kijisu kimepinda kidogo lakini kinahesabu. Atakuja na watoto wote wawili, na safari hii hataomba nyongeza, kwa hiyo usidhani ameridhika. Mimi nimelihesabu jambo hili mara mbili, na mara zote mbili nimekosa mtoto mmoja, wa Akinyi au wa kule. Wewe una macho mapya. Nipigie kabla ya Jumanne uniambie nimjibu nini.